Umeuza Pamba, Unataka Vyombo Vipya vya Jikoni? Soma Hapa Kwanza



Kila mwaka hapa Kalemela, pamba ikishapimwa AMCOS na hela ikaingia mkononi, swali linabadilika. Wakati wa kupalilia mnaniuliza habari za wadudu. Wakati wa mauzo mnaniuliza habari za kununua. Mwaka huu mama mmoja alinisimamisha njiani: "Bwana shamba, mimi safari hii lazima ninunue blenda. Mzee anasema ni hela ya kutupa. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia siwezi kujibu nikiwa juu ya pikipiki, ngoja tuingie jikoni tuone unapika nini na unapikia nini. Tukaingia. Juu ya mtungi wa maji kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari ya mililita.

"Mayu, hiki kikombe umekitoa wapi?"

"Hicho? Si cha kupimia dawa ya pamba. Nimekiosha na sabuni mara nyingi tu, hakinuki tena."

Hapo habari ya blenda nikaiacha kwanza. Ndiyo maana leo naandika kuhusu vyombo vya jikoni, ingawa kazi yangu ni mashamba. Jiko na shamba vimeungana. Chombo kikitoka jikoni kwenda shambani na kurudi, au mavuno yakitoka shambani kwenda jikoni, hapo katikati ndipo tunapopoteza hela na wakati mwingine afya ya watoto.

1. Kikombe cha dawa hakirudi jikoni, hata kikioshwa

Viuatilifu vingi tunavyopulizia kwenye pamba ni vya maji mazito yenye mafuta. Plastiki inavinyonya. Ukiosha na sabuni unaondoa harufu na ile sumu ya juu, lakini iliyoingia ndani ya plastiki inabaki na kutoka kidogo kidogo, hasa ukiweka kitu cha moto, mafuta au maziwa. Kutokunuka siyo dalili kwamba ni salama. Dawa nyingine hazinuki kabisa tangu mwanzo.

Kuna na upande wa pili: kijiko cha jikoni kinachoazimwa kwenda shambani. Mkulima anaambiwa "weka vijiko viwili kwa bomba moja", anachukua kijiko cha mboga. Sasa vijiko havilingani. Kimoja kinabeba mililita 10, kingine 20. Yaani wawili mmefuata maelekezo yale yale, lakini mmoja kaweka nusu ya mwenzake. Aliyepunguza wadudu hawafi, anasema dawa ni feki. Aliyezidisha kaunguza majani na hela.

Fanya hivi:

- Nenda duka la dawa za binadamu, nunua bomba jipya la sindano la mililita 10 au 20, bila sindano yake. Bei yake ni ndogo, na mistari yake inaonekana vizuri.
- Lipake rangi nyekundu, kisha lifunge kwa kamba kwenye bomba la kupulizia. Likikaa na bomba halitafika jikoni.
- Ndoo ya kuchanganyia dawa iwe na rangi yake na alama yake. Isichotee maji ya kunywa hata siku moja, hata kwa dharura.
- Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji yale yamimine kwenye bomba la kupulizia, yatumike shambani. Kisha itoboe ili mtu asiweze kuitumia tena. Usiweke chumvi, mafuta wala maziwa ndani yake, na usiichome kwenye jiko unalopikia.
- Dawa, bomba na ndoo vikae nje ya jiko, sehemu yenye kufuli, mbali na chakula na mbegu.

Mtu akianza kutokwa mate mengi, jasho, kutapika, macho kuona ukungu au misuli kutetemeka baada ya kugusa dawa au kula chakula chenye mashaka, usikae nyumbani ukimnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu. Usimlazimishe kutapika. Mvue nguo zilizolowa dawa, muoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, mwahishe zahanati, na beba chupa au lebo ya dawa ili mganga ajue anatibu nini.

2. Sasa blenda: ni hela ya kutupa?

Watu wengi wanaogopa blenda kwa sababu ya umeme. Hebu tupige hesabu, maana hesabu hii itakusaidia kwa kifaa chochote.

Chini ya kifaa kuna kibandiko kinachosema wati ngapi. Chukua wati, gawanya kwa 1000, zidisha kwa saa utakazokitumia. Unapata uniti za LUKU.

- Blenda ya wati 400, dakika 5: ni kama uniti 0.03. Yaani uisage mara 30 ndipo unamaliza uniti moja.
- Jagi la umeme la wati 1500, dakika 6: uniti 0.15.
- Jiko la umeme la koili la wati 1000, likiwaka saa mbili na nusu kuchemsha maharage: uniti 2.5.

Umeona? Chungu kimoja cha maharage kwenye koili kinakula umeme sawa na kutumia blenda mara 75. Kinachomaliza umeme ni kifaa kinachotoa joto kwa muda mrefu. Kinachozungusha tu kwa dakika chache hakimalizi.

Na kuna jambo jingine. Mteja mdogo wa TANESCO aliye daraja la D1 ananunua umeme kwa bei nafuu akiwa ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Ukipika kwenye koili uniti 2.5 kila siku kwa siku 30, hizo 75 zimeisha kwa maharage peke yake, bado taa, simu na redio. Kujua unalipa shilingi ngapi kwa uniti, chukua risiti yako ya LUKU, gawanya hela uliyolipa kwa uniti ulizopata.

Kwa hiyo kwa upande wa umeme, mama yule alikuwa sahihi na mzee alikosea. Lakini blenda ina masharti yake:

- Blenda ndogo ya nyumbani siyo mashine ya kusaga. Usiitwishe mahindi makavu wala muhogo mkavu, utaunguza mota. Hizo peleka mashineni.
- Isage dakika moja, ipumzishe, endelea. Ukisikia harufu ya kuungua, zima.
- Kabla ya kuingiza kidole au kijiko, chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi tu hakutoshi ukiwa na watoto.
- Ule mpira wa chini unaozuia kuvuja utoe uuoshe kila mara. Uchafu unaochachisha juisi na kuwaharisha watoto hukaa pale.
- Kabla ya kununua, uliza kama mpira, kisu na jagi la akiba vinapatikana Lamadi au Bariadi. Kama havipatikani, kikivunjika kimoja umebaki na pambo.

3. Blenda haisafishi karanga mbovu

Hili nalisema kwa nguvu, maana wengi mnanunua blenda kwa ajili ya kusaga karanga za uji wa mtoto. Karanga zilizooza au zenye ukungu zikishasagwa hazionekani tena. Rangi inachanganyika, sukari inaficha uchungu, mtoto anakunywa.

Ukungu ule unatoa sumukuvu. Kupika kwa kawaida hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki, chanzo kikiwa mahindi yenye sumukuvu. Hawa walikula chakula kile kile tunachokula sisi kila siku, ugali.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha uji wa mtoto ni ungo na macho yako. Mwaga karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Zile ulizotoa usiwape kuku wala ng'ombe. Vifaranga hufa kwa sumukuvu, na sumu hiyo hupita kwenye maziwa ya ng'ombe ikarudi mezani kwako. Zifukie.

4. Chupa na chumvi: kipimo cha mahindi kilichopo tayari jikoni

Ukungu unaanza pale nafaka inapohifadhiwa ikiwa mbichi. Wengi tunapima kwa kung'ata punje kwa meno. Kuna njia bora zaidi, na vifaa vyake unavyo.

Tafuta chupa ya kioo, kavu kabisa, ambayo haikuwahi kuwekwa dawa. Weka mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Chumvi iliyolowa ianike kwanza, la sivyo itakudanganya. Funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, kisha acha itulie dakika 15.

Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Rudisha kwenye turubai. Isiponata, unyevu uko chini ya hapo. Kama unahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au unataka yakae muda mrefu, ongeza siku nyingine ya jua kali, maana kule tunataka asilimia 13.5 au chini yake.

Chukua sampuli kutoka magunia tofauti, na kutoka katikati ya gunia, siyo juu tu. Mahindi ya kupimia usiyarudishe ghalani, maana yana chumvi.

5. Presha kuka ya umeme kwa dengu na maharage

Sisi wa Simiyu tunalima dengu na choroko, lakini nyumba nyingi zinauza dengu zote kwa sababu zinachelewa kuiva. Kuni zinakuwa ghali kuliko mboga yenyewe.

Jambo la kwanza halihitaji kununua chochote: loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, weka mengine. Muda wa kuiva unapungua sana.

La pili, kama una umeme, presha kuka ya umeme ndicho kifaa cha joto ninachokubali kukushauri. Inawaka kwa nguvu mwanzoni tu, presha ikishapanda inajikata yenyewe na kuwaka kidogo kidogo. Maharage yaliyolowekwa yanaweza kuiva kwa chini ya nusu uniti, pale ambapo koili ingekula mbili na zaidi. Masharti yake: usijaze zaidi ya nusu ukipika jamii ya kunde kwa sababu zinavimba na kutoa povu, hakikisha tundu la mvuke halijaziba, usilazimishe mfuniko kufunguka kabla presha haijashuka, na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na pasi, waya utayeyuka. Siku ya dhoruba na radi, chomoa.

La tatu, kwa asiye na umeme, tengeneza kikapu cha kutunzia joto. Chukua kikapu kikubwa, pakia ndani pamba mbovu isiyouzika au vitambaa vya zamani, acha nafasi ya sufuria katikati, tengeneza na mto wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20 hivi, funika sufuria, ingiza kikapuni, acha saa nne bila kufunguafungua. Kisha rudisha jikoni uyachemshe tena kabla ya kula, ukihakikisha yameiva. Maharage yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo, msiruke hatua ya kuchemsha.

6. Sufuria: angalia kitako na mfuniko

Mnadani sufuria zinang'aa zote. Wewe igeuze. Kitako kiwe kinene na kimenyooka, kikae sawa juu ya jiko. Gonga, nyembamba sana itabonyea na kuunguza ugali upande mmoja. Mfuniko uwe wake, siyo wa kuazima kwa jirani. Sufuria bila mfuniko ni kuchoma kuni bure.

Sufuria za kuyeyusha vyuma chakavu ni imara na bei yake nafuu, lakini mjue kwamba fundi anayeyusha chochote anachopata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni ulikuta zinatoa madini ya risasi kwenye chakula, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto unaokua. Vitu vichachu ndivyo vinavyotoa zaidi. Kama unayo, itumie kuchemsha maji ya kuoga au pumba za mifugo. Uji wa ukwaju au wa ndimu, mchuzi wa nyanya na maziwa mgando weka kwenye chungu, chuma cha pua au chombo kingine salama. Na usilaze chakula ndani ya sufuria ya aluminiamu usiku kucha.

7. Kisu cha michembe

Michembe ikioza au ikiwa na madoa meusi, tunalaumu mvua. Mara nyingi kosa ni kisu. Kisu butu kinaponda kiazi, vipande vinakuwa vinene huku vyembamba kule, vile vinene vinabaki na maji katikati na kuleta ukungu kwa wenzake wote gunia zima.

Nunua kisu cha chuma cha pua chenye mpini unaojaza kiganja, pamoja na jiwe la kunolea. Wengi wanaonunua kisu hawanunui jiwe, halafu mwezi wa pili wanasema kisu ni kibovu. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5, vilingane. Anika juu ya chanja au turubai safi, siyo chini kwenye udongo wanapopita kuku. Mchembe uliokauka unavunjika kwa sauti. Ukijikunja, bado.

8. Jiko banifu na miti ya pamba

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Ni jambo jema, lakini najua wengi wetu bado tuko kwenye kuni, na kuni zenyewe huku kwetu ni za kutafuta mbali. Basi angalau tutoke kwenye mafiga matatu. Jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi unaweza kulijenga mwenyewe, na vijiti vyembamba vinatosha kuivisha.

Vijiti hivyo wengi mnatoa kwenye miti ya pamba baada ya kuvuna. Sina tatizo, ila kumbukeni mwisho wa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ni tarehe 15 Septemba. Rundo la miti ya pamba likikaa nyuma ya jiko hadi mvua za kwanza, wadudu waliojificha kwenye vitumba vilivyobaki wanatoka na kurudi kwenye pamba yako mpya. Ng'oa mapema, vitumba na majani choma palepale shambani, na miti utakayobeba nyumbani imalize jikoni kabla ya tarehe hiyo.

Anayeanza na gesi: mtungi usimame wima, mahali penye hewa, na kila ukibadilisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti.

Nianze na kipi?

Kama hela ni ndogo, mpangilio wangu ni huu:

1. Bomba la sindano na ndoo ya dawa vyenye alama, vikae nje ya jiko.
2. Kisu kizuri na jiwe lake.
3. Ungo, turubai na chupa ya kupimia.
4. Sufuria nene yenye mfuniko, na jiko banifu.
5. Kama umeme upo: presha kuka, kisha blenda.
6. Koili iwe ya mwisho kabisa, au usinunue.

Yule mama nilimwambia blenda anunue, mradi namba moja awe ameimaliza. Tulikitoboa kile kikombe pale pale. Mzee alikuja akatuuliza tunafanya nini, mkewe akamjibu kabla yangu: "Tunaanza kununua blenda."

Wiki iliyofuata nilimkuta mzee shambani. Bomba la sindano jekundu lilikuwa linaning'inia kwenye bomba lake la kupulizia, limefungwa kwa kamba ya katani. Na wewe leo ukimaliza kusoma, ingia jikoni kwako, shika kila kikombe na kila dumu, uliza lilitoka wapi. Lile usilojua historia yake, litoboe.

Tukutane shambani.